Kompyuta kongwe yabisha hodi, mtandao mpya hauitiki

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawakutueleza afanye nini mgeni aliyefika akabisha hodi, na mwenyeji yumo ndani na anamsikia, ila hapana hata mmoja kati yao afahamuye lugha ya mwenziwe. Kisa cha namna hiyo kilinifika nyumbani kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, mwaka 2024. Mgeni mwenyewe hakuwa mtu, ilikuwa kompyuta.

Nakisimulia kisa hiki, msomaji mpendwa, kwa kuwa naamini majumbani mwetu zimo kompyuta nyingi kama ile, zimefunikwa vitambaa juu ya makabati, na ndani yake mna mambo yasiyopatikana pahali pengine popote. Siku mwenyewe akitaka kuyatoa ndipo anapong'amua kwamba njia imekwisha fungwa.

Kompyuta yangu niliinunua mwaka 2005. Zama hizo nchi yetu ilikuwa ingali inategemea setilaiti kwa mambo ya intaneti, maana nyaya kubwa za chini ya bahari hazikufika Mombasa mpaka mwaka 2009. Inaendeshwa na programu ya Windows XP, iliyotoka mwaka 2001. Uzee umeiandama kama unavyotuandama sote. Betri haishiki chaji. Tundu la umeme limelegea, hata ukiisogeza kidogo tu inazima. Chumvi ya bahari imezila tundu za USB, na mahali pa kutilia sidii hapafunguki tena. Lakini ukiiwasha, na ukawa na subira ya kumaliza kikombe kimoja cha kahawa, inaamka na kukuonyesha kila ulichokiweka.

Na nilichokiweka humo kilikuwa ni amana. Shangazi yangu, Mola amrehemu, alikuwa mtu wa Lamu ambaye hakushika kalamu maishani mwake, walakini kifua chake kilikuwa maktaba nzima. Mwezi wa Ramadhani mwaka 2007 alikuja kukaa kwangu, na kila usiku baada ya tarawehe alikuwa akinighania utenzi alioutunga mwenyewe, nami nikiupiga chapa. Zilitimia beti 312, wasia wa mama kwa binti anayeolewa. Mwaka 2011 akafariki dunia. Nakala ya karatasi niliyokuwa nayo iliharibiwa na mvua iliyovuja darini, ikabaki ile moja iliyo ndani ya kompyuta.

Basi siku hiyo bintiye, ambaye ameolewa Muscat tangu ujana wake, akanipigia simu. "Kaka," akasema, "mjukuu wa mama anaolewa Mfungo Mosi. Nataka usiku wa hina ayasikie maneno ya bibi yake. Nitumie ule utenzi."

Nikajibu upesi, kama ajibuvyo mtu asiyejua anachokiahidi, "Kesho utaupata."

HODI ISIYOITIKWA

Mwanangu anakaa orofa ya juu ya nyumba yetu. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amevutiwa intaneti ya faiba na kupewa ruta mpya. Ruta ni kile kisanduku kinachopokea mtandao kutoka nje na kuugawa nyumbani kwa Wi-Fi, yaani kwa mawimbi ya hewani bila waya. Simu zote za nyumbani zilikuwa zikiupata mtandao huo, na hata runinga. Nami nikadhani kwamba penye nafasi ya wote hao hapatakosa nafasi ya mkongwe wangu mmoja.

Nikaiwasha, nikatafuta. Jina la mtandao wa mwanangu likatokea, likapotea, kisha likatokea tena. Nikabonyeza. Nikatia nywila niliyopewa, herufi kwa herufi, nikiwa nimevaa miwani. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, kisha ikaniambia haikuweza kuungana. Nikarudia mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne haikuniuliza hata hiyo nywila. Nikaketi kitako nikaitazama, naye mke wangu akapita akauliza kama kuna msiba.

Nilimwita fundi mmoja, jina lake silitaji. Akaiangalia, akacheka, akasema, "Mzee, hii ni ya kutupwa." Nilipomwambia yaliyomo ndani, akapendekeza tuing'oe diski na kuisoma kwa kompyuta nyingine. Shauri hilo si baya, na wapo waliookoa mali zao kwa njia hiyo. Ila diski ya miaka 19, ambayo inazunguka kwa kudra tu, sikutaka kuanza kwa kuitia bisibisi. Nikasema liwe shauri la mwisho, baada ya mengine yote kushindikana.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu, msichana anayesomea mambo ya kompyuta. Alikuja jioni ya siku ya pili, akaketi mbele ya kile kikongwe kwa adabu, kama aketivyo mtu mbele ya mgonjwa. Baada ya kitambo akasema, "Mjomba, hii si mbovu. Inasema lugha ya zamani tu, na ruta ile ya juu imeshasahau kuisema."

MASAFA NA MAFUMBO

Alivyonieleza ni hivi. Jambo la kwanza ni masafa. Kanuni za Wi-Fi zilizotangulia, ile ya mwaka 1997, na ile ya 1999 ambayo ndiyo iliyoenea majumbani, na ya 2003, zilipitia katika mawimbi ya gigahezi 2.4. Ruta za leo hutumia hayo na pia ya gigahezi 5, na zilizo mpya kabisa hufika gigahezi 6. Kompyuta iliyoumbwa kusikia 2.4 peke yake haiwezi kuisikia 5 hata ukiiweka juu ya ruta. Tena mawimbi hayo ya juu hayapendi kuta, na nyumba zetu za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa dhiraa nzima. Ile 2.4 ilikuwa ikipenya kwa taabu, ndiyo sababu jina la mtandao lilikuwa likitokea na kupotea.

Jambo la pili, na hilo ndilo kubwa, ni fumbo. Sisi watu wa pwani twalijua fumbo. Mshairi husema neno mbele ya kadamnasi, akalielewa yule aliyekusudiwa, na wengine wakabaki na upepo. Wi-Fi nayo ni mazungumzo ya kadamnasi, maana mawimbi hayana siri: yanatoka dirishani, yanaingia uchochoroni, yanamfikia kila apitaye. Kwa hivyo ilibidi maneno yafumbwe, na mwenye nywila awe ndiye mwenye kulifumbua fumbo.

Fumbo la kwanza liliitwa WEP, nalo lilizaliwa pamoja na Wi-Fi yenyewe mwaka 1997. Kila kifurushi cha maneno kilitangulizwa na namba iliyo wazi, na namba hizo kwa jumla hazizidi milioni 17. Kwa mwanadamu hizo ni nyingi mno, lakini kwa mtandao wenye shughuli huisha kwa muda wa saa chache, na hapo huanza kurudiwa. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir, walionyesha kwamba mtu akikusanya vifurushi vya kutosha anaweza kuutambua ufunguo wenyewe. Tangu hapo WEP ikawa kama kitendawili ambacho kila mtoto mtaani anajua jawabu lake.

Likatengenezwa fumbo la muda, WPA, mwaka 2003, kwa makusudi kwamba hata vyombo vya zamani viweze kulijifunza. Mwaka 2004 ikaja WPA2, yenye nguvu zaidi, na kuanzia Machi 2006 hakuna chombo kipya kilichoruhusiwa kubeba muhuri wa Wi-Fi bila kuijua. Kisha mwaka 2018 ikatoka WPA3, ambayo ndiyo ruta ya mwanangu ilikuwa ikiidai.

Sasa tazama masikini kompyuta yangu. Ilipotoka dukani ilijua WEP na WPA, basi. Somo la WPA2 lilitolewa kwa Windows XP mwaka 2005, na likatiwa tena katika marekebisho makubwa ya mwaka 2008. Mimi mwenyewe sikuipa hata moja kati ya hayo, kwa kuwa mtu hajali chombo kinapofanya kazi. Na sasa, hata kama marekebisho hayo yangepatikana, yangeingia kwa njia gani? Kwa USB haiwezekani, kwa sidii haiwezekani, na kwa mtandao ndiko kulikofungwa. Ufunguo wa chumba ulikuwa umo chumbani.

SHAURI LA KUVUNJA MLANGO

Yule fundi nilimpigia simu nikamweleza. Akasema, "Basi jambo ni jepesi, Mzee. Ingieni katika ruta, mwondoe hiyo WPA3, mtie WEP. Ama muuache wazi kabisa kwa siku moja."

Nakiri kwamba shauri hilo lilinipendeza. Nilikuwa nimeahidi, siku zilikuwa zikienda, na hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba diski ingekufa kabla ya harusi. Nikapanda juu nikamwambia mwanangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Baba, mke wangu analipa ada za watoto na kuingia benki kwa mtandao huu huu. Nikiteremsha fumbo la nyumba, nimewateremshia watu wote."

Nilikasirika kidogo, nisifiche. Nikaona kijana anaweka ruta yake mbele ya neno la shangazi yangu. Lakini nilipokuwa nikishuka ngazi nikakumbuka nyumba ya marehemu baba. Alikuwapo mzee aliyezoea kuingia kwa mlango wa uani, na kwa heshima yake mlango ule haukutiwa komeo miaka na miaka. Usiku mmoja akaingia asiye yule mzee. Hakuna aliyemlaumu mzee, lakini komeo lilitiwa siku ile ile.

Mpwa wangu akanihakikishia kwamba mwanangu alisema kweli. Programu za kuivunja WEP, akasema, zinapatikana bure, na mwenye kuzijua hahitaji zaidi ya dakika chache. Tena ruta nyingi zikiteremshwa kwenye WEP, au kwenye lile fumbo la muda la WPA, hurudi kwenye mwendo wa zamani usiozidi megabiti 54 kwa sekunde, hata kwa simu zilizo mpya. Nyumba nzima ingekwenda kwa mwendo wa mkongwe mmoja.

MKALIMANI

"Basi tufanyeje?" nikamwuliza.

Akasema, "Mjomba, shangazi alipokuwa akienda hospitali na daktari hajui Kiamu, mlikuwa mkifanyaje?"

Nikamwambia tulikuwa tukimpeleka na mtu wa kumfasiria.

"Basi na huyu tumtafutie mkalimani."

Akaja na kisanduku kidogo, hakizidi sabuni ya kuogea, ambacho wasafiri hukitumia mahotelini. Nacho ni ruta, lakini ina uwezo wa kufanya kazi kinyume: badala ya kugawa mtandao, huupokea kwa Wi-Fi kama ipokeavyo simu, kisha huutoa kwa waya. Upande mmoja kilizungumza na ruta ya juu kwa fumbo la kisasa. Upande wa pili kilitoa kebo ya mtandao, ile yenye kichwa cha plastiki chenye ulimi, iliyoingia katika tundu la ubavuni mwa kompyuta yangu ambalo sikuwahi kulitumia hata siku moja. Chumvi ilikuwa haijalifikia.

Kabla ya hapo aliomba ruhusa kwa mwanangu, wakafanya mambo mawili tu katika ruta ya juu. Kwanza waliyatenga mawimbi ya 2.4 yakapewa jina lake, ili yasichanganyike na ya 5. Pili waliiambia ruta ikubali WPA2 pamoja na WPA3, maana mkalimani wetu alijua WPA2. Hilo ni jambo la kawaida, na WPA2 yenye nywila ndefu bado ni mlango imara. Fumbo la nyumba halikuguswa zaidi ya hapo.

Kompyuta haikuulizwa nywila, wala haikuambiwa habari za WPA. Yenyewe ilidhani imechomekwa waya kama ilivyokuwa desturi ya zama zake. Pembeni ya kioo kikatokea kile kialama cha kompyuta mbili ndogo zinazowakawaka, ambacho sikukiona kwa miaka mingi. Mke wangu akapiga kigelegele, nikamwambia asubiri kwanza.

Na ilikuwa haki kusubiri. Kila ukurasa wa barua pepe niliofungua ulikataa. Mpwa wangu akaitazama tarehe: kompyuta ilidhani tumo mwaka 2002. Ndani yake mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, inayoitunza saa hata umeme ukizimwa, nayo ilikuwa imekufa. Kurasa za leo huonyesha cheti cha kuthibitisha kwamba ndizo zenyewe, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kwa kompyuta iliyomo mwaka 2002, vyeti vyote vilikuwa havijaanza! Tukairekebisha tarehe. Zikakataa tena, kwa sababu hata namna ya kufumba mazungumzo na kurasa hizo imebadilika, na programu zangu za kusomea kurasa zimeachwa nyuma.

Hapo ndipo mpwa wangu aliponifunza jambo ambalo nalitia hapa kwa herufi za wino. "Hatuna haja ya kuipeleka duniani," akasema. "Windows XP iliachwa na wenyewe tarehe 8 Aprili 2014, hapana tena anayeiziba nyufa zake kwa watu kama sisi. Tunataka ifike chumba cha pili tu."

Akafungua kwenye kompyuta yake mpya mlango wa FTP, kanuni ya kusafirishia faili ambayo maandishi yake ya kwanza ni ya mwaka 1971. Akaufungua ndani ya nyumba tu. Kanuni hiyo ni kongwe kuliko kompyuta yangu, nayo kompyuta yangu iliijua tangu kuzaliwa. Nikaandika anwani aliyonisomea, nikalishika lile faili, nikalivuta, nikaliachia. Beti 312 ni ndogo kuliko picha moja ya simu, hata pumzi sikuwahi kuishusha.

"Limefika, Mjomba," akasema.

Akalifungua. Ubeti wa kwanza ukatokea kwenye kioo chake, Kiamu safi, na makosa yangu ya chapa yakiwa vile vile. Nikaanza kuusoma kwa sauti, nikafika ubeti wa nne nikashindwa kuendelea. Mke wangu akaupokea. Usiku ule ule faili likaenda Muscat. Kisha tuliing'oa kebo, mkalimani akarudi mkobani, na ruta ya juu ikarejeshewa hali yake. Mkongwe wangu aliingia kwa ziara, hakuingia kwa kuhamia.

NAKALA NDIYO UHAI

Nimefikiri sana baada ya hapo. Mwana Kupona binti Mshamu aliandika wasia wake kwa binti yake mwaka 1858, nasi tunao hata leo. Hatunao kwa sababu karatasi yake ilikuwa imara kuliko diski. Tunao kwa sababu walikuwapo walionakili, na walionakili waliyoyanakili wale. Huko Lamu, Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alitumia sehemu kubwa ya umri wake kunakili tenzi za wengine kwa khati yake nzuri, na nyingi tunazozisoma leo zilipitia mkononi mwake. Chuoni tulipokuwa tukiandika kwenye ubao kwa wino, maalim alikuwa akituambia tusiuoshe ubao kabla somo halijaingia kifuani. Mimi niliuacha utenzi wa shangazi yangu kwenye ubao mmoja kwa miaka 17, na maji yalikuwa yamekwisha fika karibu.

Kwa hivyo, wewe uliye na kikongwe chako kabatini, kiwashe wiki hii maadamu kinawaka. Kama tundu za USB zi hai, nakili kwa flashi, yaliyobaki hayakuhusu. Kama sivyo, kitazame ubavuni kama kina tundu la kebo ya mtandao, na ukichomeke moja kwa moja kwenye ruta ikiwa iko karibu. Kama iko mbali, tafuta mkalimani. Usikubali mtu akuteremshie fumbo la nyumba nzima kwa ajili yake. Kisha yaliyomo yawe na nakala tatu, nyumba mbili.

Nasikia usiku wa hina aliyeghani ni bibi harusi mwenyewe, akiisoma kwenye simu yake. Nami nafunga kwa ubeti mmoja:

Mkongwe apiga hodi, mlango haufunguki,
Kuuvunja kwa kusudi, wezi hawazuiliki,
Mkalimani hunadi, na neno halipotoki,
Nakili ndiyo ya sudi, kauli haizikiki.